Barua ya wazi kwa maaskofu na wachungaji wetu: ni mimi niliyezima ile maiki

Watumishi wa Mungu, Bwana asifiwe sana.

Nawaandikia ninyi maaskofu, wachungaji wakuu, mitume na manabii, na ninyi wote mnaotusemea kupitia Evangelical Alliance of Kenya, makanisa yetu ya kiinjili na ya kipentekoste, yale yenye skrini kubwa na yale ya mabati pia. Mimi si mtu mkubwa. Ni fundi wa sauti kanisani, mwaka wa kumi na moja huu, nakaa kule nyuma kabisa kwa mixa na watu hunikumbuka tu siku spika ikipiga mluzi. Kanisa langu sitalitaja wala mchungaji wangu, na tafadhali msijisumbue kutafuta, maana nikiongea na mafundi wenzangu naona kila mtu ana hadithi inayofanana na hii.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 30 Juni 2024. Siku tano zilikuwa zimepita tangu vijana waingie Bunge, ile Jumanne ya tarehe 25, na siku nne tangu Rais atangaze kwamba hatatia sahihi Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya uliowatoa vijana barabarani. Kanisa lilikuwa limejaa nusu hivi. Kwenye ratiba palikuwa na "maombi ya taifa, dakika 5" na maiki akapewa dada mmoja wa kikundi cha vijana, msichana wa miaka ishirini na kitu, mpole, hata akiomba huwa hapazi sauti. Akaanza vizuri tu, akashukuru, akatubu kwa niaba ya nchi, halafu akatoa karatasi iliyokunjwa kwenye Biblia yake akaanza kusoma majina ya waliouawa kwenye maandamano. Jina na umri. Jina na umri. Alipofika la tatu mzee mmoja wa kanisa kiti cha mbele akageuka, akanitafuta kwa macho, akashusha kiganja polepole kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Ishara hiyo sisi mafundi tunaijua. Nikashusha. Chaneli ya nne, kidude kile cha kusukuma juu na chini, nikakishusha mpaka mwisho.

Yeye hakujua. Aliendelea kusoma, nilikuwa naona mdomo unasogea, wale wa mbele wanamsikia kidogo na wa nyuma hawasikii kitu, kisha mtu wa kinanda akaingia taratibu kama kawaida yao na mchungaji akachukua maiki nyingine, ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaifungua, akasema kanisa tusimame tuombee amani. Tukaombea amani kama dakika moja na nusu. Yaliyofuata ni matangazo ya harusi.

Sasa, kabla hamjasema huyu ametumwa na wapinzani, nisikilizeni kidogo. Sina shida na kuombea amani. Tumeagizwa tuwaombee wafalme na wote wenye mamlaka, iko kwa Timotheo, na mimi naomba. Shida yangu ni lile neno jinsi linavyotumika kama mkono wa yule mzee. Kila likitajwa linashuka juu ya mtu aliyekuwa anasema kitu. Yeremia alishawaona watu wa namna hiyo, wanaopaka dawa juu ya ngozi na kidonda kinaoza chini, wanatangaza amani na haipo. Huku kwetu tunaita funika kombe mwanaharamu apite, tofauti ni kwamba hapa mwanaharamu hapiti, anarudi kila mwaka wa kura na mwaka mwingine hata hangoji kura.

Na msituambie kwamba nyinyi hamuingilii siasa, jameni, hiyo mbele yangu haipiti, mimi ndiye nawawekea maiki. Mwaka wa 2010 mliingilia vizuri sana. Kwenye kura ya maoni ya katiba mpya mlizunguka nchi nzima mkikampenia Hapana, wekundu dhidi ya kijani, kwa sababu ya mahakama za Kadhi (ambazo zilikuwa kwenye katiba tangu uhuru lakini haya) na kile kifungu cha 26 kuhusu utoaji mimba, na tarehe 4 Agosti wananchi wakaipitisha katiba kwa asilimia 67. Nilikuwa Hapana pia, nilivaa fulana nyekundu, sijifichi. Januari 2016 Mwanasheria Mkuu alipoleta kanuni za kusimamia mashirika ya dini mliungana haraka kuliko nilivyowahi kuona, kila madhabahu ujumbe ni mmoja, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru zirudishwe zijadiliwe upya. Hata Shakahola, baada ya miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri walioambiwa wafunge mpaka wafe kufukuliwa kule msituni mwaka wa 2023, nguvu nyingi niliyoisikia kutoka kwenu ilikuwa ya kueleza kwa nini serikali isitudhibiti. Kuomboleza wale watu ilikuwa kidogo tu, tena kwa haraka.

Halafu 2022, mwaka Ruto alipochaguliwa Rais. Sihitaji kuwakumbusha 2022, nina kumbukumbu za laivu zetu kwenye hard disk kama mnataka. Waliopakwa mafuta, waliowekewa mikono, unabii wa nani Mungu amemchagua, tukaambiwa huyu ni mmoja wetu, anafunga na kuomba. Septemba hiyo hiyo mkaenda Ikulu kwa ibada, nyimbo zikaimbwa, watu wakalia kwa furaha. Mimi pia niliona fahari, nisiwe mnafiki. Nilisema sasa mtu wetu ameingia, mambo ya rushwa yatapungua, mnyonge atasikizwa. Kwa hiyo nikiwalaumu najilaumu na mimi.

Lakini hebu tazameni vile inavyokuwa. Kukiwa na ushindi tunaingia siasa kupitia mlango mkubwa na vigelegele. Damu ikimwagika tunatokea dirishani tukisema sisi ni watu wa kiroho. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu wasiopungua 60 waliouawa kwenye maandamano ya 2024, na wengine wengi kutekwa, wakirudishwa wanarudishwa, wasiporudishwa familia zinazunguka vituo vya polisi na mochari. Mwaka uliofuata, Juni na Julai, watu wakauawa tena wakikumbuka wale wa kwanza. Najua baadhi yenu mlisema kitu, wengine mlisema mapema kabisa hata kabla ya Bunge kuingiwa, na Mungu awabariki. Nawaongelea wale ambao Julai nzima mlihubiri Warumi 13 tu, kila mtu na atii mamlaka, wiki baada ya wiki, na hakuna aliyefungua pale Nathani anapomnyoshea Daudi kidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Daudi naye alikuwa mtu wetu, kama ni hivyo. Alikuwa mtu wa Mungu kuliko yeyote aliyewahi kukaa Ikulu, na nabii bado alimwendea.

Kuna uongo mwingine mdogo ambao unanikera, huu wa kwamba makanisa ya kupiga kelele dhidi ya serikali ni yale ya zamani yasiyookoka vizuri na sisi wa injili kazi yetu ni roho za watu. David Gitari, yule askofu wa Kianglikana, alikuwa nini? Alikuwa mwinjili kindakindaki, mtu wa Biblia mkononi, na mahubiri yake ya kitabu cha Danieli yalimnyima Rais Moi usingizi kuliko mikutano ya wanasiasa, mpaka mwaka wa 1989 majambazi wakavamia nyumba yake usiku kule Kirinyaga. Alexander Muge, askofu wa Kianglikana wa Eldoret, alionywa na waziri hadharani asikanyage Busia, akaenda, na wakati wa kurudi, tarehe 14 Agosti 1990, akafa barabarani. Timothy Njoya, mchungaji wa Presbiteri, alipigwa ndani ya kanisa, All Saints Nairobi, Saba Saba ya 1997, tarehe 7 Julai siku ya maandamano, damu kwenye sakafu ya madhabahu. Hao hawakuwa na chama. Na wakati huo sisi wa upande huu tulikuwa wapi? Moi alikuwa muumini wa AIC (Africa Inland Church), kila Jumapili taarifa ya habari inaanza na yeye akiingia kanisani, na ibada alizoingia nyingi zilikuwa za watu wanaofanana na sisi. Kwa hiyo haya ya leo tumeyarithi. Nasema tu tusijifanye tumeyavumbua juzi.

Kuna mara moja lakini, mara moja, kanisa Kenya lilifanya kitu ambacho mimi nikikikumbuka napata nguvu. Baada ya uchaguzi wa 2007 nchi ilipasuka, zaidi ya watu 1,100 waliuawa kwa hesabu ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia hizo, na Kiambaa pale nje ya Eldoret, siku ya mwaka mpya 2008, kanisa la KAG (Kenya Assemblies of God) likachomwa na wanawake na watoto waliokimbilia humo. Kanisa la kipentekoste. La watu wetu. Waliingia pale kwa sababu waliamini hakuna Mkenya atakayechoma nyumba ya Mungu. Viongozi wa kanisa walikuwa wamegawanyika kikabila kama wanasiasa tu, kila kabila lina nabii wake na kila nabii ameona mtu wake akiapishwa. Sasa Februari hiyo NCCK, Baraza la Kitaifa la Makanisa ya Kenya, wakatoka wakakiri mbele ya nchi kwamba walichukua upande, kwamba walishindwa kuwa sauti ya wote, wakaomba msamaha. Wengine walisema wamechelewa, na kweli walichelewa. Lakini nilikuwa kijana wa kwaya wakati huo, nilisikia kwa redio ya matatu, na nakumbuka dereva alipunguza muziki wake na mama mmoja nyuma yangu akasema, "Angalau wamesema."

Angalau wamesema. Hicho ndicho natafuta kwenu tangu 2024 na sijakipata.

Tuongee pesa sasa, maana hapa ndipo maiki zetu hufungwa. Niwaambie vile mheshimiwa akija kanisani inavyoonekana kutoka kwa mixa. Saa mbili asubuhi anakuja kijana wake wa suti, ananiuliza maiki ipi ni nzuri zaidi, isiyo na waya, na anataka ipimwe. Ibada inaanza, saa nne na nusu msafara unaingia, tunakatiza kusifu ili mausha wamtafutie nafasi, wale kina mama waliokuja tangu alfajiri na kukaa mbele wanahamishwa. Mahubiri siku hiyo ni dakika kumi na tano, mheshimiwa ni arobaini, na nusu yake ni matusi kwa mheshimiwa mwingine. Halafu bahasha, na makofi, na yule kijana wa suti anapiga picha. Mara moja nilihesabu, neno "maendeleo" lilitajwa mara nyingi kuliko jina la Yesu, nikaacha kuhesabu nikaona haya.

Najua mtaniuliza kama ningependa tukae chini ya mti. Hilo swali lina haki yake, sitalipuuza. Makanisa yetu hayana Roma wala ofisi kuu ya kutujengea, kila bati ni sadaka ya mama anayeuza mboga, na mchungaji wangu amewahi kulipa stima ya kanisa kwa karo ya mtoto wake, hiyo naijua kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimetumwa kununua tokeni. Mtu wa namna hiyo akiwekewa milioni moja mezani, kumwambia arudishe ni rahisi ukiwa umekaa mbali. Naelewa. Lakini Wakatoliki walirudisha. Novemba 2024 Rais alitoa mchango pale Kahawa West, na Askofu Mkuu wa Nairobi akaagiza pesa zirudishwe, bila matusi. Waanglikana nao tangu 2021 walishasema wanasiasa wakae kwa viti kama waumini wengine, madhabahu si jukwaa. Miezi michache baadaye, Machi 2025, kanisa la watu wetu pale Roysambu likaahidiwa milioni 20, na Jumapili iliyofuata vijana wakaja kuandamana na ikawa vitoa machozi karibu na nyumba ya ibada. Julai hiyo tukasikia Ikulu inajengewa kanisa, Rais akasema ni kwa pesa yake mwenyewe na hataomba mtu radhi. Sasa kijana aliyezika rafiki yake mwaka jana, akiyaona haya yote kwa simu yake, mnataka aelewe nini?

Na tafadhali msiseme vijana wameacha wokovu. Wengi wao wanaomba kuliko sisi. Mwaka ule wa 2024 walikuwa wanaimba nyimbo za sifa barabarani na vitambaa usoni kwa ajili ya moshi, sauti ya pili na ya tatu wanazijua kwa sababu sisi ndio tuliwafundisha kwenye kwaya ya watoto. Walichoacha ni kutusikiliza.

Kitu kimoja ambacho nadhani hamjakiwaza, au mmekiwaza mkakiogopa. Kwetu kuna kaka mmoja anaimba besi, ni askari. Jumanne ile alikuwa kazini mjini. Jumapili hakuja, iliyofuata hakuja, alirudi kama baada ya miezi miwili na akakaa nyuma karibu na mimi badala ya kwenye kwaya. Hakuna aliyemuuliza. Mchungaji alimsalimia kwa mkono, "tulikukosa", basi. Siku moja wakati wa kukunja nyaya akaniuliza kama Mungu anaweza kumsamehe mtu ambaye hajui risasi yake ilienda wapi. Mimi ni fundi, nilimwambia nini? Nilimshika bega tu. Ninachosema ni kwamba kwenye benchi zetu kuna mama wa aliyeuawa na kuna aliyekuwa na bunduki, wakati mwingine ibada moja, na ninyi mkisema "amani" bila kutaja kilichotokea mnawaacha wote wawili peke yao. Yule mama hapati kulia na yule kaka hapati kutubu. Mnadhani mnalinda umoja wa kanisa kumbe kila mtu amekaa na mzigo wake na kitabu cha nyimbo.

Kura ni tarehe 10 Agosti 2027. Misafara ya Jumapili mnaiona. Nawaomba, kabla hamjaanza tena zile kongamano za maombi ya uchaguzi wa amani na mabango yenye njiwa, fanyeni kwanza kile NCCK walifanya Februari 2008, lakini kwa mdomo wenu wenyewe, si kwa taarifa kwa wanahabari. Semeni 2022 tulikaa upande, hivi na hivi, tulipokea hiki na kile. Bandikeni kwenye ubao wa kanisa pesa iliyotoka kwa wanasiasa na ilijenga nini, waumini wasome, mbona sadaka ya mjane tunaitangaza. Zakayo alipookoka jambo la kwanza alilotaja ni hesabu, na hakuna aliyemwambia hiyo si ya kiroho. Mheshimiwa akija akae, aimbe, atoe sadaka kwa kapu kama sisi, aende. Anayeutaka urais mwaka huo asiwekewe mikono na yeyote mbele ya kamera, hata kama ni rafiki yako, hata kama ameokoka kweli kweli. Na muwaite wale vijana mkae nao bila ajenda ya kuwatuliza.

Na majina yasomwe. Hilo kwangu ndilo kubwa kuliko mengine yote, pengine kwa sababu zangu mwenyewe.

Nilimpigia yule dada simu mwezi uliopita. Haji tena kwetu, anasali mahali pengine na siku nyingine hasali popote. Tuliongea mambo ya kawaida, kazi, mamake, halafu nikamwambia ile Jumapili maiki yako ilizimwa na mimi ndiye nilizima. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kumbe. Mimi nilidhani ni betri."

Miaka yote hiyo alidhani ni betri. Hakuwa na kinyongo na mtu yeyote, alijua tu kwamba alisoma majina na kanisa halikuitikia amina.

Ile karatasi anayo bado, ameongeza mengine nyuma. Namwombea kwenu dakika tano Jumapili ya mwisho ya Juni, kanisa lolote kati yenu litakalokubali, hata kama si letu. Mimi nitakuja na maiki yangu. Na kama kwetu mtakubali halafu mzee akageuka tena na kushusha kiganja, basi muwe mmetafuta fundi mwingine mapema, kwa sababu mimi sitashusha.

Ni mimi ndugu yenu katika Bwana,
fundi wa sauti, kule nyuma